Mapaa ya kuficha: nani alituambia kila nyumba mpya lazima iwe boksi?

#1 Kiwanja_Madale
Wakuu habari za jioni.

Leo nimepita njia ya Goba mpaka Madale nikatokea Mivumoni, macho yangu yote kwenye ujenzi maana na mimi nina boma. Kila nyumba mpya ni ileile. Ukuta umepanda juu ya renta (linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha) kuzunguka nyumba nzima, bati halionekani, madirisha ya aluminiamu mapana, rangi nyeupe na kijivu, nguzo mbili za mraba mbele, pevingi mpaka getini. Zamani kidogo tu hapo mtu alikuwa anashindania paa refu lenye migongo mingi na bati za mfano wa vigae, nyekundu au bluu, kenchi likionekana toka barabara kuu. Siku hizi ukipaua hivyo unaambiwa umejenga nyumba ya mzee mstaafu.

Swali langu ni hivi, hii staili tumeitoa wapi? Na ni kweli inapunguza gharama? Boma langu limefika kwenye renta, ramani ni ya paa la kawaida, fundi ananishawishi "tulifiche" eti nitaokoa mbao na bati. Shemeji yenu naye kashaona picha mtandaoni hataki kusikia kingine. Nipeni hoja kabla sijaagiza mbao.

#2 Kichwa_Maji
Shemeji akishaona picha hiyo kesi imekwisha mkuu, hapa umekuja kutafuta rambirambi.

#3 Mama_wa_Goba
Mimi naishi kwenye hiyo nyumba unayoiulizia, kwa hiyo ntaongea ninachokijua. Siku tunahamia ilipendeza sana, watu wanasimama nje wanapiga picha. Masika ya kwanza ndo tukajua. Lile gata (mfereji wa maji ya mvua) lililojificha kati ya bati na ukuta lilijaa, maji yakarudi nyuma chini ya bati yakaingia kwenye dari la jipsamu la sebuleni. Lilianza doa, likawa tumbo, halafu kipande kikashuka usiku juu ya kochi. Fundi akaja akapaka silikoni. Vuli ikavuja tena. Akaja mwingine akasema yule wa kwanza hajui kazi, akapaka lami, na huyu naye tukamtafuta kwenye simu hapokei.

Sasa hivi mawingu yakikusanyika tu tunampandisha kijana juu akazoe majani, jirani ana mwarobaini umeinamia kwetu. Hayo ndo maisha ya kontemporari, hizi nyumba za boksi.

#4 Fundi_Kenchi
Dada pole, lakini hapo usilisingizie paa, msingizie aliyelijenga. Gata la kuficha lina masharti yake. Liwe pana mtu aweze kuweka mguu akalisafisha, liwe na slopu kuelekea kwenye bomba sio limelala tu, mabomba ya kushusha maji yawe makubwa na yasiwe moja, na kwenye ule ukuta wa juu utoboe matundu ya dharura usawa wa chini kuliko mwisho wa bati. Bomba likiziba maji yatoke nje yamwagike ukutani uyaone, yasirudi ndani. Wengi hawaweki hayo matundu kwa sababu eti yanaharibu sura ya nyumba. Halafu pale bati linapokutana na ukuta, flashingi (kipande cha bati cha kuziba kiungo) inatakiwa ichimbiwe ndani ya plasta, sio kubandikwa kwa silikoni, silikoni jua la Dar linaimaliza mapema tu.

Mimi nimepaua nyingi za hivyo na hazivuji. Na kuhusu gharama fundi wako hajakudanganya, kenchi linakuwa fupi mbao zinapungua kweli.

#5 QS_wa_Mtaani
Ngoja tuweke hesabu mezani maana haya mambo ya "mbao zinapungua" kila mtu anasema halafu hakuna anayepiga hesabu.

Chukua nyumba ya mita 12 kwa 10. Paa la kawaida la nyuzi 25 lenye vidole (paa linalotokeza nje ya ukuta) vya sentimita 60 kila upande linakula kama mita za mraba 163 za bati. Paa la kuficha la nyuzi 5, halina vidole, linakula kama 120. Umeokoa mita za mraba 42 hivi za bati, na mbao pia, hapo Fundi_Kenchi yuko sahihi.

Sasa rudi kwenye ukuta wa juu. Mzunguko wa nyumba hiyo ni mita 44. Ukipandisha ukuta mita 1.2 ili bati lisionekane, hizo ni kama mita za mraba 53 za tofali, yaani karibu tofali 500, plasta nje na ndani, rangi, na juu yake umwage mkanda wa zege wenye nondo la sivyo unapasuka. Ongeza gata, dawa ya kuzuia maji, flashingi kuzunguka pande zote. Ulichookoa kwenye mbao umekirudisha kwa muuza simenti.

Kuna mahali linatoka rahisi na kuna mahali halitoki, inategemea tofali na mbao unazipata kwa bei gani hapo ulipo. Ila mtu asikwambie ni rahisi hivihivi.

#6 Kichwa_Maji
Mbao zimeokoka, simenti imeangamia. Amina.

#7 Ramani_Chap
Wakuu nina ramani za kontemporari vyumba vitatu, vinne, gorofa moja, na makadirio ya vifaa bure. Karibuni inbox.

#8 Mama_wa_Goba
Ramani_Chap sisi tunalia zinavuja wewe unapitisha sahani ya mchango?

#9 Bodi_ya_Mikopo_Sugu
Mnazunguka sana. Sababu ya kweli hakuna anayeisema. Ukificha paa hakuna anayejua umeezeka bati gani. Paa likionekana lazima ununue bati la rangi, tena la migongo ya kisasa, majirani wanaliangalia. Likifichwa unapiga bati jeupe la geji 30 na hakuna anayekuuliza. Watu wameishiwa hela kwenye linta, wanamalizia kwa akili.

#10 Mjomba_Simenti
Hapo #9 umenena. Ila geji 30 ndo nzuri zaidi si inapita 28?

#11 Fundi_Kenchi
Mjomba_Simenti hapana, geji inaenda kinyume. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba. 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Ukienda dukani na kipimo chako usisome maandishi tu, kuna bati zimeandikwa 28 ukizishika unajua kabisa hii si 28.

Na kwenye paa la kuficha ndo usithubutu bati jembamba. Watu wanalikanyaga kila wakipanda kusafisha gata, likibonyea maji yanasimama hapohapo na kutu inaanza.

#12 Kiwanja_Madale
Asanteni wakuu, naendelea kusoma. QS hesabu yako nimempelekea shemeji yenu, kajibu "kwani zile picha zina hesabu?"

#13 Shangani_Mpaka_Malindi
Assalaam aleikum. Nyie wabara mnaona jambo jipya, sie Unguja tumelianza na tukalimaliza. Majumba ya Mji Mkongwe mengi yalijengwa mapaa bapa, boriti za mikoko zimepangwa, juu mawe ya matumbawe na chokaa, yakapigwapigwa yakashikana. Ndo maana hata vyumba ni vyembamba na virefu, upana unafuata urefu wa boriti, haifiki mita 3. Jioni watu wakipanda juu kupunga upepo. Mvua zilivowachosha watu wakaja kuezeka bati za mgongo juu ya yale mapaa. Ukikaa sehemu ya juu ukauangalia mji leo unaona bati tupu za kutu.

Kwa hivo babu zetu walishavujiwa, wakaongeza mgongo. Nyie mmechukua mgongo mkauondoa. Sijui nani anamfundisha nani.

#14 Kichwa_Maji
Ndo maana na Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme hapo Unguja, ikaporomoka, paa bapa hizo.

#15 Shangani_Mpaka_Malindi
Kichwa_Maji usichanganye mambo. Ile ilijengwa 1883 na sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na watu walipoteza maisha. Hiyo si mada ya kuchekea wala haihusiani na kontemporari zenu za Goba.

#16 Kichwa_Maji
Sawa mzee, nimekaa chini.

#17 Maskati_Kwetu
Mimi niko Maskati huku, nyumba zote ni paa bapa la zege, juu wameweka matangi na madishi. Lakini huku mvua ya mwaka mzima inaweza kuwa milimita mia hivi tu, na miaka mingine haifiki. Dar mnapata elfu moja na zaidi. Nyumba ya huku ikiletwa huko bila kubadilishwa lazima ilie. Na hata huku ikinyesha ile mvua ya ghafla watu wanavujiwa vibaya, maana hakuna anayeangalia paa mpaka siku hiyo.

Nyumbani kaka yangu anajenga Tanga, kaniomba nimtumie picha za villa za huku. Nimezituma, nikamwambia azione tu asijenge. Kajenga.

#18 Dodoma_Ndio_Mpango
Kila mtu anaongelea Dar. Dodoma mvua ya mwaka ni kama milimita 600 hivi, na inanyesha miezi michache. Huku paa la kuficha linakaa vizuri kabisa, mimi ninalo halijawahi kunisumbua. Shida yetu huku ni joto la mchana, usiku baridi, na kwenye udongo wa mfinyanzi nyufa. Kuta zinapasuka kwa sababu ya msingi, paa linasingiziwa bure. Mnavyoongea kana kwamba nchi nzima ni Mbezi.

#19 Kagera_Kwetu
Haya Dodoma wewe una 600, sisi Bukoba tunapiga karibu 2000 na watu wanajenga ramani ileile ya Madale! Ramani inatoka Dar kwa WhatsApp, inafika Bukoba inajengwa ilivyo. Gata la sentimita 30 kwa mvua ya ziwa, jamani.

Na kingine, hizo kuta za juu. Tetemeko la 2015 lilitufundisha, ukuta wowote uliosimama wenyewe bila nguzo ndio wa kwanza kushuka. Sasa mtu anapandisha mita moja na nusu ya tofali za nchi 5 juu ya linta, hakuna nguzo, hakuna mkanda, chini ni mlango wa kuingilia wageni.

#20 QS_wa_Mtaani
Kagera_Kwetu tetemeko lilikuwa tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa 5.9. Ila hoja yako iko palepale na naiunga mkono asilimia zote. Nguzo za nyumba zipande mpaka juu ya parapeti, yaani huo ukuta wa juu, sio ziishie kwenye linta, halafu juu kabisa ufunge na mkanda.

Na kwa wanaodharau maji, milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kile kipaa chetu cha mita za mraba 120 kikipigwa na mvua ya milimita 50, ambayo masika Dar ni kawaida kabisa, ni lita 6,000. Zaidi ya simtanki la lita 5,000. Zote zinapita kwenye gata lako, na wewe umeweka bomba moja la nchi 3 ambalo kunguru kashaanza kujengea kiota.

#21 Mpangaji_Daima
Hizo lita 6,000 mbona hakuna anayezivuna? Tunanunua maji ya boza huku juu yanamwagika barabarani.

#22 Fundi_Kenchi
Mpangaji wateja wangu huwa nawaambia, wanajibu tanki litaharibu muonekano.

#23 Binti_Luva
Mimi naomba niongelee joto maana mvua mmeshaimaliza. Nimekulia nyumba ya kota za serikali, zile za zamani. Dari liko juu, madirisha ya luva, na juu ya kila dirisha kulikuwa na matundu ya hewa yenye wavu. Vidole vya paa vimetoka nje hasa, jua halifiki ukutani. Feni tulikuwa tunawasha wageni wakija.

Sasa nimepanga kontemporari Tegeta. Paa liko hapo hapo juu ya jipsamu, bati lenyewe rangi ya makaa, hakuna tundu hata moja la hewa. Madirisha ya slaidi, kioo kikubwa lakini kinachofunguka ni nusu tu kwa sababu kimoja kinaenda kujificha nyuma ya kingine. Saa tisa mchana sebuleni hakukaliki. Umeme wa LUKU nauongeza kila mara kwa ajili ya AC, na mwenye nyumba anajisifu nyumba ina mwanga.

#24 Kiwanja_Madale
Binti_Luva hapa umenigusa, boma langu sebule inaangalia magharibi.

#25 Mjomba_Simenti
Hamna shida sana hapo, jua la kwetu ni la juu kichwani muda wote, upande haujalishi.

#26 QS_wa_Mtaani
Unajalisha Mjomba. Dar jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Juni linapita kaskazini, Desemba linapita kusini. Mchana wa saa sita liko juu kweli, kidole cha sentimita 60 kinalizuia. Lakini saa kumi jioni jua liko chini, linaingia moja kwa moja kwenye ukuta na vioo vya magharibi, na ukuta unabaki na moto mpaka usiku. Ndio maana chumba cha kulala cha magharibi ni adhabu. Viwanja vimepangwa kufuata barabara, mtu anataka sebule iangalie barabara, basi barabara ikiwa magharibi amekwisha.

Kiwanja_Madale kama hujaweka fremu, punguza hayo madirisha ya magharibi au weka kibaraza mbele yake.

#27 Kichwa_Maji
Kibaraza tena? Kontemporari haina baraza mkuu, wageni wanasubiri kwenye pevingi.

#28 Babu_wa_Ilala
Vijana mmegusa baraza ngoja niseme. Nyumba ya Kiswahili iliyojenga huu mji, Kariakoo, Ilala, Magomeni, ilikuwa vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati, nyuma ua, jiko na choo vikiwa uani, mbele baraza. Mwenye nyumba anakaa viwili, vinne anapangisha. Ujenzi unajilipa wenyewe. Mtu akistaafu ana kodi, akifa watoto wanagawana vyumba.

Sasa angalia mnachojenga. Sebule mbili, dainingi, jiko wazi limeunganishwa na sebule, vyumba vyote selfu kila kimoja na choo chake, bado na choo cha pabliki. Watu wanne vyoo vitano! Ukipata shida huwezi kupangisha hata chumba kimoja kwa sababu mlango ni mmoja na jiko liko katikati ya sebule. Nyumba nzima inakaa inasubiri wageni wa Krismasi.

#29 Mama_wa_Goba
Babu shikamoo. Umenisema mimi na vyoo vyangu.

#30 Babu_wa_Ilala
Marahaba mwanangu, sijakusema, nimemsema aliyekuchorea.

#31 Mke_wa_Injinia
Babu heshima yako, lakini na sisi wanawake tuseme. Hiyo nyumba ya vyumba sita ilikuwa na choo kimoja uani cha kupanga foleni na wapangaji, usiku ukitaka kutoka unamwamsha mume akusindikize. Msiikumbuke baraza tu mkasahau hayo. Mimi chumba cha selfu sikiachii mtu.

Jiko wazi ndo nakubaliana na wewe. Wanaume wanalipenda kwenye picha. Ukikaanga dagaa nyumba nzima inanuka mpaka pazia, kwa hiyo kila mwenye jiko wazi ninayemjua amejenga jiko la pili uani, pale ndo kuna mkaa na gesi na kinu, la ndani linabaki la kuchemshia chai na kuonyesha kabati. Na hayo makabati ya MDF (mbao za unga wa mbao uliogandishwa), nipo Kigamboni, unyevu wa bahari umeyavimbisha milango haifungi. Bora mninga.

#32 Bodi_ya_Mikopo_Sugu
Majiko mawili, moja la kupikia moja la kupostia. Nimeipenda hii.

#33 Mwana_Kilifi
Salamu toka Kilifi. Hapa kwetu paa la makuti lilikuwa na kanuni, lazima liwe na mwinuko mkali, likilala maji hayashuki haraka makuti yanaoza. Mzee hakusoma chuo lakini alijua. Leo ukienda Mtwapa unapata hizo flati rufu tele, na Kitengela na Syokimau ni hivyo hivyo, hadi kwenye udongo mweusi ule unaovimba.

Lakini kwetu wengi wanamwaga slabu kabisa. Sababu wanayotoa ni kwamba mbeleni wataongeza gorofa, wapangishe juu. Ardhi imekuwa ghali, ploti ni futi hamsini kwa mia, hakuna pa kupanuka ila juu. Kwa hivyo mimi naona si fasheni, ni ardhi.

#34 Fundi_Kenchi
Mwana_Kilifi slabu ni jambo lingine kabisa. Hizi za kwetu ni bati lilelile na mbao zilezile, limelazwa na kuzungushiwa ukuta. Huwezi kuongeza gorofa juu yake. Wateja wengine wanadhani wanaweza, anakuambia "tutapandisha baadaye", namuuliza unapandisha juu ya nini, msingi wenyewe ni wa tofali hauna nguzo.

Ila hoja ya viwanja vidogo ina ukweli. Kiwanja cha 20 kwa 20 chenye fensi, vidole vya paa vinakaribia kwa jirani, maji yako yanamwagikia kwake mnaenda serikali za mitaa. Ukificha, maji yanabaki kwako.

#35 Mama_wa_Goba
Yanabaki kwako kweli, mpaka sebuleni.

#36 Mchora_3D
Nimesoma toka juu nimecheka sana, mimi ni mchoraji kwa hiyo mnanisema. Niwape siri ya ofisini. Mteja haji na maelezo ya maisha yake, anakuja na skrinishoti. Hasemi "mimi tuko saba na mama mkwe, tunapika kwa mkaa". Anasema "nataka hii". Na picha yenyewe imechorwa na mtu wa nje ya nchi au imetengenezwa na kompyuta, haijawahi kujengwa popote. Ukimchorea paa la vidole anakuona mshamba anaenda kwa mwingine.

Na ukweli mwingine, boksi linachoreka haraka. Paa la migongo minne linalokutana na kibaraza lina kona za kufikiria, boksi unanyanyua ukuta, unaweka rangi, unaweka gari la kifahari mbele, unatuma. Mteja analipa siku hiyohiyo.

#37 QS_wa_Mtaani
Mchora_3D asante kwa kuwa mkweli. Gari halimo kwenye makadirio yangu lakini.

#38 Dodoma_Ndio_Mpango
Kwa hiyo mpaka sasa tuna: mtandao, bati la bei chee, viwanja vidogo, wachoraji wavivu, na wake zetu. Bado nani?

#39 Mke_wa_Injinia
Wake zenu mnatusingizia. Baba mwenyewe ndo kaanza, alirudi toka harusini kwa bosi wake akasema tubadilishe ramani.

#40 Mtoto_wa_Mafinga
Mimi nauza mbao. Nipo upande wa mbao kabisa na sifichi. Sababu kubwa ni mbao zenyewe. Mbao nzuri iliyokomaa na kutibiwa vizuri siku hizi mtu anailipia anaumia, na nyingi sokoni ni miti michanga, au imechovywa rangi ya kijani tu ionekane imetibiwa. Ukiikata ukaona kijani kimeishia juujuu ndani ni nyeupe, hiyo imepakwa. Kenchi refu la mbao changa linapinda, bati linacheza, misumari inatoka. Watu wamechoka, wakaambiwa paa fupi linatumia mbao chache, wakakimbilia huko. Nenda ukaulize mafundi wa Iringa na Njombe wenye mbao mlangoni, mapaa marefu bado yapo.

#41 Bodi_ya_Mikopo_Sugu
Njombe yapo kwa sababu mbao ni za shamba la baba yake. Bado nasimama na #9.

#42 Lindi_Pwani
Kuna kitu hamjagusa, upepo. Kimbunga Hidaya Mei 2024 kilivyokaribia huku kusini watu tulijifunza kuangalia mapaa. Vidole virefu ambavyo havijafungwa vizuri upepo unaingia chini unanyanyua bati zima. Ukuta wa parapeti unalinda kingo za bati. Kwa hiyo msiseme haina faida hata moja.

#43 Kagera_Kwetu
Inalinda bati halafu inakuangukia wewe. Chagua.

#44 Lindi_Pwani
Ukifunga nondo haianguki. Tusiwe watu wa kubisha tu.

#45 Binti_Luva
Mkuu Lindi hapo sawa, lakini na vidole navyo ukivifunga vizuri kwa waya toka kwenye mkanda wa zege havinyanyuki. Kila upande una dawa yake, tatizo sisi tunanunua sura na dawa tunaiacha dukani.

#46 Mpangaji_Daima
Naomba kuchomekea, jipsamu na PVC kipi bora? Mwenye nyumba wangu anataka kurudishia dari.

#47 Mama_wa_Goba
Kama paa linavuja weka PVC, haishuki na maji. Ila inakuficha uvujaji, maji yanasimama juu yake wewe hujui mpaka mbao zimeoza. Jipsamu angalau inakuambia mapema.

#48 Babu_wa_Ilala
Singibodi.

#49 Kichwa_Maji
Babu jamani.

#50 Kiwanja_Madale
Wakuu nimerudi. Tumekaa kikao mimi, fundi na shemeji yenu, nikawasomea huu uzi karibu wote, ya #9 nimeruka. Hapajapatikana jibu moja. Shemeji yenu anasema mbele pafichwe, nyuma na pembeni paa litoke kawaida na vidole vyake. Fundi anasema inawezekana, maji yote yaelekee nyuma, gata la nje linaloonekana, tanki uani. Sebule ya magharibi tunaiwekea kibaraza.

Fundi_Kenchi, QS, hii ya nusu kwa nusu mmeshawahi kuifanya?

#51 Fundi_Kenchi
Inafanyika, na ni nzuri kuliko kuzungusha ukuta pande zote. Angalia tu pale bati linapoanzia kwenye ule ukuta wa mbele, ndo sehemu pekee itakayokusumbua. Flashingi ichimbiwe, usikubali silikoni. Na slopu usishuke chini ya nyuzi 10, huna sababu tena ya kulilaza, nyuma hakuna anayeangalia.

#52 QS_wa_Mtaani
Na huo ukuta wa mbele uwe na nguzo kila baada ya mita 3 hivi. Nitumie vipimo nikupigie tofali, zitapungua zaidi ya nusu ya zile 500.

#53 Ramani_Chap
Mkuu Kiwanja_Madale ninayo ramani ya hivyo hivyo nusu kwa nusu, vyumba vitatu, njoo inbox.

#54 Kichwa_Maji
Huyu kaichora sasa hivi wakati anasoma #50.

#55 Mtoto_wa_Mafinga
Mbao nani anakuletea mkuu?